Mgeni Aliyekubali Mara ya Kwanza

Mwanamke yule wa kwenye simu hakukataa hata mara moja. Hilo peke yake lingetosha kumshtua Hishmi, kama si furaha aliyokuwa nayo ya kupata nyumba ya ufukweni mwezi wa saba, wakati kila chumba kinachotazama bahari kimeshachukuliwa na watu wa Tunis.

Sisi watu wa Kairuani tuna adabu zetu. Fundi aliyekuja kusoma mita ya umeme, muuza makaa, hata mtu uliyempigia simu kwa kukosea namba, unamwambia nyumba yangu ni nyumba yako, njoo tule pamoja. Naye anakataa mara moja, anakataa mara ya pili, anakataa mara ya tatu, kila mmoja anaridhika na anakwenda zake. Hakuna anayekuja. Tungekuwa tunakuja kweli, mji mzima ungekufa njaa.

Hishmi alikuwa mkaangaji wa makrudi, zile keki zetu za tende. Kutwa alisimama mbele ya karai la mafuta, na jioni alirudi nyumbani na moshi kwenye nguo. Binti yake wa pekee, Yusra, mwenye miaka minane, alikuwa na pumu, na kila alipomkumbatia baba yake alikohoa. Jambo hilo lilimuuma Hishmi kuliko alivyoweza kumwambia mtu. Daktari alishasema wazi: mtoto apelekwe mahali patulivu baharini kabla upepo wa jangwani haujaanza, kwa sababu kifua kile hakitahimili msimu mwingine wa vumbi.

Namba ya mwanamke yule aliandikiwa dukani na mteja mmoja, kwenye kifuniko cha boksi. Mteja huyo alikuwa amemsikia Hishmi akilalamika kuwa nyumba zimekwisha. Baadaye Hishmi alijaribu kuikumbuka sura ya mteja yule asiikumbuke.

"Nyumba iko mchangani, ukishaipita Kelibia," alisema mwanamke kwa sauti ya taratibu, na nyuma yake maji yalisikika yakija na kurudi. "Hakuna jirani. Mchanga ni mweupe mpaka kizingitini. Mko wangapi?"

"Wanne, bibie. Mimi, mke wangu Zakia, mama yangu na mtoto. Mtoto ndiye mgonjwa. Kifua."

"Ana miaka mingapi?"

"Minane."

"Nitamtandikia dirishani. Kodi tutaelewana tukionana."

Hishmi alifurahi mpaka akasahau kumuuliza jina. "Basi na wewe, bibie, ukifika Kairuani nyumba yetu ni nyumba yako. Njoo tule pamoja."

"Nakuja," mwanamke akasema, na simu ikakatika.

Wakati wa chakula cha usiku Hishmi aliwasimulia kwa kicheko. Mama yake, Bi Manubia, aliweka kijiko chini.

"Alikataa mara ngapi kwanza?"

"Hakukataa, Mama. Alisema tu anakuja."

"Hakukataa hata ile ya kwanza?"

"Watu wa ufukweni hao, Mama," Zakia alidakia. "Wamezoea watalii. Adabu wameshazisahau."

Bi Manubia hakumaliza chakula chake. Wengine waliendelea kupanga safari. Wangeondoka Jumamosi kwa gari la binamu yake Hishmi. Zakia angekaanga pilipili na nyanya za kubeba, tikiti wangenunua njiani, mwavuli wangeazima. Jumapili ilikuwa inaingia Awsu, siku zile joto linapofika kileleni, na Bi Manubia alitaka mjukuu wake apitiwe na mawimbi saba siku hiyohiyo, kama alivyofanyiwa yeye na mama yake.

"Na mimi nitaogelea naye," Hishmi alisema.

"Wewe? Wewe uliyekuwa unalia nikikuweka kwenye beseni?"

Yusra alicheka hadi akashikwa na kikohozi, na ikabidi wanyamaze wote wamsubiri apate pumzi.

Kesho yake Zakia alikunja godoro la mtoto akakuta mchanga. Alidhani ni wa mafundi wanaojenga nyumba ya pili. Aliukung'uta, akafagia, akautoa nje. Mchana aliukuta tena, mahali palepale, na safari hii ulikuwa umelowa. Aliugusa kwa ulimi bila kujua kwa nini anafanya hivyo. Ulikuwa na chumvi. Kutoka Kairuani mpaka bahari iliyo karibu ni mwendo wa saa nzima kwa gari.

Hapa kwetu, jua la kiangazi likishapanda utosini, milango hufungwa na watu hulala mpaka alasiri. Watoto huambiwa tangu wadogo wasitoke uani saa hizo, kwa sababu saa hizo ua una watu wake. Zakia alijilaza chumbani kwa mtoto, mumewe akiwa kazini na mama mkwe akikoroma ng'ambo ya ua, na katika ule ukimya alisikia maji. Hayakuwa ya bomba. Yalikuja polepole, yakavunjika, yakarudi yakikwaruza mchanga, yakaja tena. Yalitoka kwenye kisima cha maji ya mvua kilicho katikati ya ua, kisima ambacho mwezi huo hukauka. Na harufu ya mwani, nzito na mbichi, ikapita chini ya mlango.

Angepiga kelele. Lakini wakati huohuo alisikia kitu kingine, au tuseme alikosa kukisikia. Yusra, aliyelala pembeni yake, hakuwa anakoroma wala kupiga mluzi kifuani. Alikuwa anapumua kama watoto wa watu wengine. Zakia alikuwa hajaisikia pumzi ile kwa mwaka mzima, akabaki ameikodolea macho dari, machozi yakimtiririka masikioni, anaogopa na anashukuru.

Mtoto alipoamka Zakia alimuuliza, "Umelala vizuri, mwanangu?"

"Shangazi wa baharini alikuja."

"Nani?"

"Yule wa nyumba ya Jumamosi. Anakaa miguuni pangu. Halafu ananipulizia."

"Anakupulizia wapi?"

"Mdomoni," Yusra alisema, akivaa viatu vyake. "Hewa yake ni baridi. Anasema nikienda kwake sitakohoa tena, hata nikikaa siku nyingi, hata nikikaa sana."

Zakia alimfunga kamba za viatu. Hakumwambia mume, hakumwambia mama mkwe. Sitamlaumu, mimi nimewaona wazazi wakimkimbiza mtoto hospitali usiku, na sijui ningefanya nini ningekuwa yeye. Siku ya pili alifagia mchanga kabla watu hawajaamka. Siku ya tatu alizikuta nyayo za maji kwenye vigae vya ua, zikitoka kisimani mpaka mlango wa chumba cha mtoto, nyayo ndogo za mwanamke, na vidole vyote vitano vilikuwa na urefu mmoja. Alizipangusa kwa nguo aliyokuwa amejifunga.

Lililofichua siri ni sinia. Jioni hiyo walikula kuskusi ya ngano kwenye sinia moja, na sisi kila mtu hula upande wake. Walipomaliza, Bi Manubia alilisogeza sinia chini ya taa akalitazama kwa muda mrefu. Palikuwa na mashimo matano.

"Tuko wangapi hapa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Yusra peke yake ndiye aliyeinua mkono kuonyesha nafasi tupu kati yake na mama yake. Hapo Zakia alisema yote.

Kesho yake Hishmi hakwenda kazini. Alisubiri mchana utulie, akakaa kitandani na mke wake, akaipiga ile namba ili avunje mpango wa nyumba, awe ameondoa mguu wake na wa watu wake katika jambo lile. Simu iliita. Na kwa kila mwito uliolia sikioni mwake, mwito mwingine, hafifu na wenye mwangwi, ulilia ng'ambo ya ukuta, kwenye chumba alikolala Yusra, na Zakia akamkamata mumewe mkono kwa kucha, na maji yakaanza kuvunjika kisimani kwa kasi kama bahari iliyochafuka, na ile harufu ya mwani ikajaa chumbani mpaka koo zikawasha, ndipo simu ikapokelewa, na sauti ya taratibu ikasema mara mbili kwa wakati mmoja, sikioni na ukutani:

"Mbona unanipigia, nami nimo ndani?"

Hishmi aliiachia simu ikaanguka. Walipoingia kwa mtoto walimkuta amelala, nywele zimelowa, anapumua vizuri.

Alasiri hiyohiyo aliletwa Arifa Mabruka, mganga wa majini, mama mweusi wa makamo mwenye kilemba chekundu, ambaye nyumba nyingi za Kairuani humwita kwa siri na kumsalimia kwa mbali hadharani. Alizunguka ua na chetezo cha ubani, akachungulia kisimani, akakaa chini akaomba maji ya kunywa.

"Nani alimkaribisha?"

"Mimi," Hishmi alisema. "Kwa adabu tu, mama. Kama tunavyosema sote."

"Sisi tunajua kuwa ni adabu tu. Wao neno ni neno. Umemwita ale, amekuja, amekula. Mgeni aliyeitwa hafukuzwi, mwanangu. Mimi nikimfukuza atakuwa na haki juu yenu. Ataagwa."

"Na akikataa kuondoka?" Bi Manubia aliuliza.

"Mgeni mwenyewe anajua siku zake ni tatu. Ila kuna kitu anachongoja. Amekaa kwenu, sasa anataka mumlipie ugeni. Mtu mmoja aende kwake. Na anayekwenda ni yule aliyemzoea." Alimtazama Yusra, kisha akawageukia wakubwa. "Akienda huyu harudi. Bahari ile haimrudishi. Kwa hiyo safari ya Jumamosi haipo. Mmenisikia? Haipo."

Kesho yake, jua lilipokuwa utosini, walimuaga. Mlango wa barabarani uliachwa wazi. Arifa Mabruka alitangulia na chetezo, na nyuma yake wote wanne walisimama macho chini. Hishmi alisema umetuheshimu bibie, umekula chetu, nenda kwa amani, hatukudai na hutudai. Mganga alishawaonya jambo moja: msafiri wa kawaida akiondoka tunamwagia maji nyuma yake ili arudi salama, na wanawake wetu hulifanya bila hata kufikiri. Leo asifanye mtu.

Nyayo zilijitokeza moja baada ya nyingine kwenye vigae vya moto, zikipita katikati yao, taratibu, na kila mmoja alihisi ubaridi ukimgusa bega, na mbele ya Yusra zilisimama kwa muda ambao Zakia baadaye alisema ulikuwa mrefu kuliko siku aliyomzaa, kisha zikaendelea, zikavuka kizingiti, zikakauka barabarani. Kisima kikanyamaza. Harufu ikaisha, ukabaki ubani na vumbi.

"Imekwisha," Arifa Mabruka alisema, akaufunika moto wa chetezo. Hishmi na mama yake walimsindikiza upande wa pili wa nyumba kumpa haki yake na kumtoa kwa mlango wa nyuma.

Ndipo Yusra alipokohoa.

Alikohoa mara moja, akakohoa tena, halafu hakuweza kuacha. Zakia alimpa dawa ya kuvuta, akampa tena, akamkalisha, akamfungua vifungo. Ule mluzi ulirudi kifuani mwake, mkali kuliko zamani, kana kwamba siku zile zilikuwa za mkopo. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Mtoto alimtazama mama yake machoni, hakuweza kusema, akanyoosha mkono kuelekea mlango uliokuwa bado wazi.

Mtungi wa maji ulikuwa pale karibu na kisima. Zakia aliita jina la mumewe mara moja, kwa nguvu. Hakungoja. Aliuchukua mtungi kwa mikono miwili, akatembea mpaka kizingitini, akamwaga maji yote barabarani, juu ya zile alama zilizokauka.

Hishmi na mama yake walitoka mbio, wakamkuta ameketi sakafuni, mtungi mtupu pembeni, Yusra mapajani. Mtoto alikuwa anapumua. Uso ulikuwa umerudiwa na rangi yake. Kisimani maji yalikuja, yakavunjika, yakarudi.

"Zakia," Bi Manubia alisema, akijishika ukutani. "Umefanya nini, mwanangu?"

"Anapumua, Mama."

"Ulisikia alivyosema. Atamchukua."

"Alikuwa anakufa. Sasa anapumua. Msikilize." Alikuwa analia bila kujifuta. "Na Jumamosi nitakwenda naye mimi mwenyewe. Nitamshika mkono, sitamwachia, usiku wala mchana. Atatuchukua sote wawili au atuache sote wawili."

Hishmi alipiga magoti akawashika wote pamoja, na kwa mara ya kwanza Yusra hakukohoa kwa moshi wa nguo zake. Alifumbua macho, akatazama juu ya bega la baba yake, pale ambapo hapakuwa na mtu, akasikiliza kidogo kama anavyosikiliza mtoto anayepewa ujumbe wa kufikisha.

"Mama," alisema kwa upole, "shangazi anasema kitanda alichotandika ni kimoja."