Mgeni wa Eda

Bibi yangu mzaa baba, Wahida, aliishi hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, zaidi ya miaka hamsini akiwa si mke wala mjane. Mumewe Nuro aliingia msituni kupigania uhuru, hakurudi, na hakuna aliyeleta habari ya kifo. Haja ya Bibi ilikuwa moja tu: amzike mumewe, akae eda yake, ndipo naye afe kwa amani.

Mwaka jana serikali ikaanza kuwarudisha makwao waliopotea vitani. Mzee Jerónimo, aliyepigana pamoja na babu, akampeleka baba yangu mdogo Hamido kwenye pori la Mbau. Alisema pale walizikwa wawili, babu na mpiganaji mwenzake, ubavu kwa ubavu. Wakafukua mmoja. Hamido alipopangusa taya, akaona meno ya mbele yamechongwa ncha, kama ya Wamakonde wa zamani. Babu alikuwa mtu wa pwani. Hakuchongwa meno.

Jerónimo akashika jembe aendelee. Hamido akamzuia.

"Huyu huyu anatosha. Administradora, mkuu wa wilaya, na watu wote wanangoja."

Akaifunika taya kwa sanda. Aibu yetu ilianzia hapo.

Mazishi yalifana, kwa bendera, risasi za heshima na dua. Bibi akaingia eda kwa furaha, nguo nyeupe, mlango umerudishwa, asionwe na mwanamume asiye maharimu wake. Hamido akasifiwa kila baraza, naye akazipokea sifa. Lakini njia ya mwongo ni fupi.

Wiki ile ile, baada ya alasiri, nilimpelekea Bibi chai. Jua lilikuwa kali, majirani wakitwanga uani. Akaninong'oneza kuwa mle chumbani huja mwanamume. Hukaa karibu na mtungi, amempa mgongo kwa adabu. Huomba maji kwa Kimakonde. Kisha huuliza njia ya kwao.

Nikatazama penye mtungi. Hapakuwa na mtu. Sakafu ilikuwa imelowa.

Nikamwita Hamido. Aliposikia, akaketi kizingitini na kusema yote. Bibi hakupiga kelele. Alivuta ushungi akajifunika uso mbele ya mwanawe wa kumzaa.

"Mmenikalisha eda ya mwanamume wa watu," akasema taratibu. "Na baba yako umemwacha na nani?"

Kesho yake Hamido alirudi Mbau na Jerónimo. Kaburi la pili walilikuta wazi. Halikuwa na kitu.

Bibi ametoka edani. Anasema yeye bado mke wa mtu. Yule tuliyemzika tungempeleka kwao, ila Jerónimo hakumbuki kijiji chake, na Hamido hajathubutu kwenda kusema serikalini. Siku ya mashujaa maua huwekwa pale kwenye jina la babu, nasi tunasimama tumeinamisha macho. Mimi pia.

Kata ya Bibi ingali juu ya mtungi. Ukingoni ina alama za meno, nyembamba, zenye ncha. Hakuna anayeitumia. Kila asubuhi tunaikuta imelowa.