Naam Si Ndiyo

“Umekubali!”

“Sikukubali. Niliitika.”

“Barua inasema umekubali, Yothamu. Ina muhuri. Nikusomee tena? ‘Kwa kuwa ulikubali kwa simu, tunakusubiri wewe na mkeo mtarajiwa Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba.’ Huyo mke mtarajiwa ni mimi, au kuna mwengine?”

“Ni wewe, Mama Tunu.”

“Mbona mimi sikuulizwa?”

“Hata mimi sikuulizwa! Yaani, niliulizwa, ila sikusikia.”

Alikuwa kapiga magoti nyuma ya friji langu, bisibisi mkononi. Friji tumelivuta mpaka katikati ya sebule, na fleti za Michenzani hapa Unguja mnazijua: ukivuta friji, mtu mzima hana pa kukaa. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama, barua mkononi, na nilikuwa sina nia ya kukaa.

Yothamu ni fundi wa mafriji na viyoyozi, ana kibanda chake Mlandege. Mchana anajaza gesi, usiku anasoma theolojia. Kasoma hivyo miaka minne, kavuka kwenda bara kufanya mitihani, kafaulu yote. Lakini kwetu Wapresibiteri mtu hajipi uchungaji. Ufaulu usifaulu, huwekewi mikono mpaka kanisa la mahali fulani likupigie kura na kukuandikia barua ya wito. Kanisa letu la Mtoni ni dogo na mchungaji linaye. Yothamu kasubiri wito miaka miwili. Kila akisikia pikipiki ya mleta barua, anatoka nje.

Na mimi? Mimi ni mjane, nna binti anayesomea uuguzi Dodoma, na kazi yangu ni kutoa dawa hospitali. Marehemu mume wangu alinihamisha mara nne. Mara zote nne nilijua tunahama siku lori lilipofika mlangoni. Yothamu aliponiposa nilimpa sharti moja tu: usinihamishe bila kuniuliza.

Akajibu, “Naam.”

Sasa wiki tatu kabla ya harusi yetu ikaja barua kutoka milimani huko Rungwe, na mimi nikawa najiuliza ile naam aliyonipa mimi ilikuwa ya aina gani.

“Nieleze tena hiyo simu,” nikamwambia.

“Nilikuwa juu ya paa la hoteli, Shangani. Kompresa inanguruma, simu inakatakata. Mtu anasema, ‘Yothamu!’ Mimi nasema, ‘Naam?’ Anasema maneno, siyasikii. Tena, ‘Yothamu?’ Mimi, ‘Naam!’ Mara ya tatu nikapiga kelele, ‘Naam!’ Ikakatika.”

“Mara tatu.”

“Mara tatu.”

“Kama Samweli hekaluni, Mungu alipomwita.”

“Usinichekeshe, Eunike. Mwenzio nnatetemeka.”

Nilitaka kucheka kweli. Nikajizuia, maana ukicheka katikati ya ugomvi umeshashindwa.

Simu yangu ikalia. Ujumbe wa Tunu: *Mama, fundi yupo hapo tena? Friji gani hilo linaumwa kila Jumamosi?*

Sikujibu. Mlangoni nako kukapigwa hodi.

“Hodi! Barafu zangu zishakuwa maji?”

Bi Mwanapili, jirani yangu wa mkabala. Yeye huweka barafu zake kwangu, kwa juisi ya ukwaju ya wajukuu.

“Shikamoo, Bi Mwanapili. Karibu.”

“Marahaba, mwanangu. Makelele yenu nnayasikia toka kwangu. Mmegombana nini, na harusi i mlangoni?”

Nikamweleza. Akasikiliza akiwa kashika kiuno, kisha akamtazama Yothamu kule chini.

“Sasa huyu kosa lake nini? Kaitwa, kaitika. Mwanamume naam, mwanamke abee. Ndivyo tulivyolelewa. Maana yake nnakusikia, sema unalotaka. Naam si ndiyo! Mimi marehemu mume wangu alikuwa akimwitikia naam hata mtu anayemdai.”

“Wa bara hawajui hivyo, Bi.”

“Basi wafundishwe!”

Yothamu akanyanyua kichwa kama mtu aliyepata wakili. Lakini mimi swali langu lilikuwa jengine, na lilikuwa likinikera tangu tujuane.

“Yothamu, tuache simu. Wewe ulijuaje kama umeitwa? Ulisikia sauti? Niambie ukweli, nisijeolewa na mtu anayesikia sauti.”

“Sikusikia kitu.”

“Ndoto?”

“Sioti.”

“Basi?”

Akaweka bisibisi chini. “Yule mchungaji wetu mstaafu, aliyepofuka macho. Friji lake liliharibika. Ukishafunga pampu ya kutoa hewa unasubiri kama saa nzima, huna la kufanya. Akaniambia, maadamu umekaa, nisomee. Nikamsomea Yeremia. Wiki ya pili nikarudi kuangalia gesi, nikamsomea tena. Akiniuliza, wewe hapo umeelewa nini? Namwambia, sijaelewa. Ananiambia, vizuri, rudi. Siku moja niko njiani na begi la spana, nikakumbuka lile friji halina ubovu tangu mwezi wa tatu. Na huo ulikuwa mwezi wa tisa.”

“Na wewe bado unakwenda.”

“Na mimi bado nnakwenda. Ndivyo nilivyojua.”

Bi Mwanapili akalizunguka friji langu polepole, akachungulia nyuma yake.

“Na hili, fundi? Lina ubovu gani?”

Yothamu akaangalia sakafu.

“Fundi, nnakuuliza.”

“Halina kitu, Bi. Tangu Ramadhani halina kitu.”

“Loo!” Bi Mwanapili akapiga makofi. “Miezi mitatu! Na barafu zangu zinayeyuka kila Jumamosi kwa ajili ya mapenzi ya watu!”

Uso wangu ulipata moto. Nilikuwa namchemshia chai ya mdalasini mtu kila wiki kwa friji zima! Hasira ikapungua, lakini sharti lilikuwa palepale.

“Piga simu huko Rungwe,” nikasema. “Weka spika.”

Akapiga. Sauti ikapokea kwa furaha.

“Bwana asifiwe, mtumishi! Katibu hapa. Nyumba yako tumeshaipaka rangi!”

“Katibu, nisamehe. Kuna kosa. Mimi sikukubali.”

“Unasemaje?”

“Sikukusikia siku ile. Nilikuwa naitika tu.”

“Lakini ulisema naam! Nimeandika kwenye muhtasari, naam mara tatu. Wazee walisimama wakaimba!”

“Kwetu Unguja naam ni kuitika. Si kukubali.”

Bi Mwanapili akang’ata ncha ya mtandio. Kule upande wa pili nikasikia jogoo anawika.

“Mtumishi,” katibu akasema taratibu, “watu hawa wamekaa miaka sita bila mchungaji. Walikupigia kura wote, hakuna aliyekataa. Nikifuta, sijui wito mwengine utakuja lini. Nifute kweli?”

Nilimtazama Yothamu. Aliitazama barua mkononi mwangu, kisha akanitazama mimi.

“Futa,” akasema. “Kuna mtu nilimwahidi nitamuuliza kwanza. Siwezi kuanza uchungaji kwa kuvunja ahadi.”

Miaka minne ya kusoma, miwili ya kusubiri. Akaifuta kwa neno moja, mbele yangu, magotini. Marehemu hajawahi kunifutia hata safari ya siku moja.

Nikamnyang’anya simu.

“Katibu, usifute kwanza. Mimi ndiye huyo mtu. Naitwa Eunike.”

“Bwana asifiwe, mama.”

“Amina. Hiyo nyumba mmeipaka rangi gani?”

“Kijani, mama.”

“Nani kachagua kijani?”

“Wazee.”

“Nilijua. Choo kiko ndani?”

“Kiko nje, hatua chache tu.”

“Ngapi?”

Akasita. “Thelathini. Na tano.”

“Baridi?”

“Mwezi wa saba, mama? Tunavaa makoti mawili.”

“Zahanati?”

“Ipo. Muuguzi yupo. Wa kutoa dawa ndiye hatuna, dawa zinakaa kwenye maboksi mpaka zinapitwa na muda.”

“Zinapitwa na muda?” Hilo lilinichoma kuliko choo. “Baki hapohapo, usikate.”

Nikamgeukia Yothamu.

“Haya. Niulize.”

“Mbele ya Bi Mwanapili?”

“Mbele ya Bi Mwanapili na mbele ya Rungwe nzima. Spika iko wazi.”

Akajifuta mikono kwenye suruali. Magoti yalikuwa tayari chini.

“Eunike.”

“Abee.”

“Hiyo ni kuitika au kukubali?”

“Kuitika. Endelea.”

“Utakwenda na mimi huko?”

“Na nikikataa?”

“Ntabaki hapa na friji lako. Halina ubovu, lakini ntalitengeneza mpaka nizeeke.”

Bi Mwanapili akasema, “Mwanangu, ukimkataa huyu mimi ntamhamishia kwangu.”

Nikafikiria lile lori la marehemu mlangoni. Safari hii hapakuwa na lori. Palikuwa na mtu amepiga magoti, na katibu anayepumua kwenye simu, na swali. Kuulizwa tu, kumbe ndiko nilikokuwa nakusubiri miaka yote.

“Ndiyo,” nikasema. “Si naam, si abee. Ndiyo. Kazini ntaomba ruhusa ya kuhama Jumatatu. Harusi inafungwa hapa hapa Mtoni kama ilivyopangwa. Na choo kitasogezwa.”

“Kitasogezwa!” katibu akapaza sauti.

“Katibu, futa hizo naam zako tatu, uulize upya. Ukishamuuliza yeye, andika na jibu langu chini yake, kwamba mke kaulizwa.”

Tukasikia kalamu ikikwaruza. Kisha katibu akasafisha koo.

“Mtumishi Yothamu. Kanisa limekuita. Je, unaupokea wito huu?”

Yothamu akafungua mdomo. Nikaona *naam* inakuja, nikamfinya bega.

“Ndiyo,” akasema. “Ndiyo, naupokea.”

Kule milimani mtu akapiga kigelegele, na Bi Mwanapili, Muislamu wa watu, akakijibu cha kwake mpaka madirisha ya ng’ambo yakafunguliwa.

Nikakata simu. Mimi jambo nikishaliamua sipendi lilale.

“Bi Mwanapili, huko kwenye makoti mawili baridi ni ya bure. Friji ni lako.”

“Lini?”

“Sasa hivi. Fundi, funga mgongo wake, shika upande huo.”

“Sasa hivi?”

“Umeshalitengeneza miezi mitatu, bado nini?”

Nikamwandikia Tunu: *Friji limepona, linahama. Na mimi nahama. Nimeulizwa.*

Tukalinyanyua, yeye mbele akitembea kinyumenyume, mimi nyuma, Bi Mwanapili ametangulia kutufungulia mlango huku akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Ukumbini kulikuwa na giza kidogo, taa za ngazi hazikuwa zimewashwa.

“Eunike!” akaita kutoka upande wa pili wa friji.

“Abee!”

“Kizingiti hicho.”

Nikanyanyua mguu, tukakivuka.