Aliyekufa Bila Kuitwa

Sisimizi ndio waliomshtua. Mpambaji alikuwa ametundika shati la mumewe uani tangu asubuhi, limelowa damu kuanzia kwenye kola hadi kiunoni, na hakuna hata mdudu mmoja aliyeigusa. Damu yenyewe ilikuwa ya sukari, rangi nyekundu na kakao kidogo. Kazi yake ilikuwa kuwapamba waigizaji, na aliichemsha mwenyewe jikoni kwake kila palipokuwa na mtu wa kuuawa kwenye filamu, na miaka yote sisimizi waliivamia kama wamealikwa. Leo mstari wao ulikuja juu ya kamba, ukafika begani mwa shati, ukageuka na kurudi ulikotoka.

"Makubwa haya," alijisemea. Akagusa shati, akaramba ncha ya kidole. Utamu ulikuwepo. Akalitumbukiza kwenye beseni, lakini roho haikutulia.

Mumewe alikuwa mwigizaji, na kazi yake hasa ilikuwa kufa. Msicheke. Wapo wanaojua kupigana, wapo wanaojua kubembeleza wanawake; huyu alijua kufa. Alishakunywa sumu siku ya harusi yake, akazama kisimani, akanyongwa kwa kosa la ndugu yake, na watu waliosahau jina la filamu hawakusahau alivyokata roho. Mtaani walishaacha kumwita jina lake. "Marehemu, umeamkaje?" mwenye duka humwuliza. Naye hujibu, "Nimefufuka, mzee, nipe mkate."

Na kifo cha jana, kila mtu alisema, kilivipita vyote. Aliigiza seremala aliyepigwa risasi mlangoni kwake. Hakupiga kelele, hakutapatapa. Aliketi chini akaanza kufunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, ili mama yake akija asilione jeraha. Kifungo cha mwisho kikamshinda. Mshika kamera alilia. Mwongozaji, mtu ambaye hata msibani hukaa macho makavu, naye alilia. Mpambaji hakukiona; alikuwa chumba cha nyuma anaosha sponji zake.

Tangu arudi nyumbani, Marehemu alikuwa mwema kupita kiasi. Alikunja nguo bila kuambiwa. Hakukoroma, yeye ambaye mkoromo wake ulishagombanisha wapangaji. Alinuka kiberiti, kile kilichozimwa sasa hivi. Na akiketi sebuleni, aliketi kwelikweli: hakujikuna, hakupiga miayo, kifua hakikupanda wala kushuka mpaka mkewe amtazame, na hapo ndipo kilipoanza, kama mtu aliyekumbushwa kazi.

"Una nini, mume wangu?"

"Nina nini mimi?" Akatabasamu. "Wewe ndiye unayenichunguza. Mimi mbona sikuchunguzi?"

Mpambaji akachukua mtandio wake na kutoka. Jua lilikuwa la mchana, watoto wanatoka shule, lakini mgongo ulimsisimka mpaka alipofika kazini.

Kwenye chumba cha kuhariria, mapazia yalikuwa yameshushwa. Mhariri, kijana wa watu waliyemwita Miwani, alikuwa ameketi mbele ya skrini hali chakula chake kimepoa pembeni.

"Nionyeshe kile kifo," Mpambaji alisema.

"Dada, subiri mzee aje."

"Nionyeshe, Miwani. Usinizungushe."

Picha ikaanza. Vifungo, kimoja, kingine. Mkono ukaanguka. Kisha sauti ya Mwongozaji, yenye kamasi za kilio: "Kata!" Picha ikaganda pale pale.

Mpambaji akangoja. "Mbona imeishia hapo? Kufufuliwa kuko wapi?"

Maana kundi lile lilikuwa na mwiko wake, na hakuna aliyeuchezea. Mtu akifa mbele ya kamera, kamera haizimwi. Mwongozaji humwita kwa jina lake halisi, lile la kuzaliwa, si la kwenye filamu. Maiti huitika "Nipo!" na kucheka, na kicheko kikishaingia kwenye kamera, ndipo husemwa kata. Marehemu alikuwa na kicheko kibaya kama mlango usiotiwa mafuta, na Miwani alikuwa amevihifadhi vicheko vyake vyote.

"Hakuitwa," Miwani alinong'ona. "Nilidhani mnajua. Na kuna jambo jingine, dada. Nimeisimamisha hii picha tangu asubuhi. Angalia mkono."

Akaangalia. Picha ilikuwa imesimama, saa ya pembeni haisogei, kivuli cha mlango hakisogei, lakini ule mkono ulioanguka sakafuni ulikuwa unapanda, polepole, kidole baada ya kidole, ukitafuta kile kifungo cha mwisho, ukikikosa, ukianguka, ukianza tena, na kutoka kwenye spika ambayo Miwani aliapa kuwa ameizima kulikuwa kunatoka pumzi, pumzi ya mtu aliyechoka kusubiri, na ilikuwa pumzi ya mumewe. Angeijua hata kuzimu.

"Mungu wangu," alisema. "Nani yuko nyumbani kwangu?"

"Nisamehe, shemeji." Mwongozaji alikuwa amesimama nyuma yao, kofia mkononi. "Kilikuwa kizuri mno. Nilijisahau. Aliyenifundisha kazi alinionya kwamba mtu akijilaza mfu hivyo, mwili unabaki wazi, na majini hawapiti mlango wazi bila kuchungulia. Nilidhani ni mbwembwe za wazee."

"Anarudi vipi?"

"Yumo humo. Aitwe na mtu wake. Ila..."

Hakumaliza, kwa sababu chumba kilijaa harufu ya kiberiti. Marehemu alikuwa mlangoni. Hakuna aliyesikia hatua zake.

"Usiniite, mke wangu," alisema kwa upole.

"Wewe si mume wangu."

"Nimekufanyia ubaya gani? Nguo nimekunja. Sauti sijapandisha. Tungekaa tu, mimi na wewe, nani angejua?" Macho yake hayakupepesa. "Mimi nilikujua jana ile ile nilipoingia, nikanyamaza. Kwa nini wewe hunyamazi?"

Mpambaji hakumwelewa, wala hakutaka. Aliigeukia skrini, akashika meza kwa mikono miwili, akaliita jina la mumewe, lile alilopewa na mama yake, akaliita tena huku nyuma yake kitu kikikwaruza mlango na kulia kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu wala ya mnyama, akaliita kwa machozi na kwa hasira zote za mke aliyeibiwa, mpaka jina likatoka kama mnong'ono.

"Nipo!" ilijibu spika. Kikafuata kile kicheko kibaya.

Mwili ukaanguka mlangoni. Harufu ikakatika. Kisha Marehemu akakohoa, akavuta hewa, akaanza kulia kama mtoto, na Mpambaji akamrukia akamkumbatia, akimlaani na kumbusu kwa pamoja. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo maishani.

"Nilikuwa nakusikia," Marehemu alisema shingoni mwake. "Kule kuna watu wengi, mke wangu. Wamelala tu, wanangoja..."

Mwili wake ukakakamaa. Akamsukuma mkewe taratibu, akamtazama usoni.

"Nini tena?"

"Ubavuni kwangu alilala mwanamke," alisema. "Kavaa gauni la hospitali. Anasema zamani, baada ya harusi yetu, mlikosa mwanamke wa kuigiza maiti kwenye filamu fulani, mzee akamwomba mpambaji wake alale dakika moja tu kitandani. Kwa kuwa hakuwa mwigizaji, hakuna aliyekumbuka kumwita. Anasema aliyekaa mahali pake amekaa mpaka amesahau kwamba si yeye."

Mwongozaji aliinamisha kichwa. Aliikumbuka siku hiyo.

"Mimi ni mimi!" Mpambaji alisema. "Nakumbuka harusi yetu. Namkumbuka mama yangu, nakumbuka kila kitu!"

"Hata yule uliyemfukuza alikumbuka kila kitu," Marehemu alisema, na machozi yalikuwa yanamtiririka. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomwumiza Mpambaji zaidi. "Miwani, ile filamu ipo?"

Miwani alikuwa tayari amevuta droo. Mpambaji angeweza kukimbia, mlango ulikuwa wazi. Lakini angekimbilia wapi? Nyumba aliyoijua ilikuwa moja, na mtu aliyempenda alikuwa amesimama mbele yake, akiisogelea skrini.

Akaonekana mwanamke juu ya kitanda cheupe, shuka hadi kidevuni. Marehemu akaweka kiganja juu ya kioo, akaliita jina la mkewe, kwa sauti ile ile ya siku alipomposa.

Mpambaji akafungua kinywa aitike. Spika ikamwahi: "Nipo!"