Amri Zilizomeza Simu

Mshonaji alisogeza vitambaa, akawasha kompyuta, akaweka simu karibu na cherehani. Ilikuwa Jumapili. Kitinda, binti yao wa mwisho, hupiga simu Jumapili wakati wa mapumziko ya kazi. Ni muuguzi katika hospitali ya ng'ambo, na mapumziko yake ni mafupi.

Mumewe alikuwa ameshaketi. Alivaa shati safi, utadhani simu ina macho.

Simu ikalia.

"Shikamoo, mama! Kompyuta imetulia?"

"Marahaba, mwanangu. Haijatulia. Programu ya kuchorea mikato ya nguo inataka kusasishwa."

"Haya. Fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Andika neno sudo. Acha nafasi."

"Nafasi ipi? Meza yote imejaa vitambaa!"

"Mama! Nafasi kati ya maneno. Bonyeza kitufe kirefu."

Wakaendelea hivyo, herufi kwa herufi. Mama alikosea, wakaanza upya. Kulikuwa na alama moja, &, aliyoiita "ile iliyokaa mkao wa kula." Kitinda alicheka, kisha akairudia tena polepole. Mwishowe kompyuta ikakubali. Papo hapo kengele ikasikika upande wa pili.

"Wagonjwa wananisubiri. Nisalimie baba!"

Simu ikakatika. Baba alikuwa amenyoosha mkono kuipokea. Akaurudisha taratibu magotini.

"Anakula vizuri?" aliuliza.

"Sikupata kumuuliza," mkewe alijibu.

Kesho yake Bi Nyaya alikuja kujaribu gauni lake. Yeye ni fundi wa kompyuta, na duka lake liko ng'ambo ya barabara.

"Mbona umenyong'onyea, dada?"

Mshonaji akamweleza yote.

"Basi tuzifupishe hizo amri," alisema Bi Nyaya. "Utazifanya mwenyewe."

Mshonaji akasema, "Nikijua mwenyewe, mtoto atapiga simu kwa lipi?"

"Sasa hivi anapiga. Je, mnaongea?"

Mshonaji akashika ukingo wa meza. "Nina hamu naye, jirani. Hata akilalamika tu, nimsikie."

Bi Nyaya akavuta kiti. "Sikiliza. Wewe una jina refu, lakini mtaa mzima unakuita Mshonaji, na unaitika. Amri nayo tutaipa jina fupi."

Alimwonyesha jinsi ya kufungua faili ambalo kompyuta hulisoma kila dirisha jeusi linapofunguliwa:

nano ~/.bashrc

Mshonaji akaandika mistari hii mwishoni mwa faili:

alias sasisha='sudo apt update && sudo apt upgrade'
alias weka='sudo apt install'
alias ondoa='sudo apt remove'

"Alias maana yake ni jina jingine," Bi Nyaya alieleza. "Usiache nafasi kabla wala baada ya alama ya sawasawa. Na amri yote ikae ndani ya alama za kunukuu."

"Na nikiandika weka?"

"Baada yake andika jina la programu unayoitaka. Ondoa ni vivyo hivyo. Ukitaka kutunga jina jingine, kwanza andika type na jina hilo. Kompyuta ikisema halipo, ni lako."

Walihifadhi faili, wakafunga dirisha, wakalifungua tena. Mshonaji akaandika: sasisha. Kompyuta ikaomba neno la siri, kisha ikauliza kama iendelee. Akawahi kunyoosha kidole.

"Polepole!" Bi Nyaya alimzuia. "Jina ni fupi, kazi ni ileile. Soma kwanza inataka kufanya nini, ndipo ujibu. Hasa unapoondoa kitu. Wapo wanaoiamuru ijijibu ndiyo yenyewe. Wewe usifanye hivyo. Huwezi kukata kitambaa cha mteja bila kupima."

Mshonaji akasoma, akajibu. Maandishi yakapita mbio, kazi ikaisha.

"Neno moja tu!" alisema. Lakini hakucheka. Alikuwa akiitazama simu.

Jumapili ikafika.

"Shikamoo, mama. Kompyuta imetulia?"

"Imetulia. Nimeisasisha mwenyewe."

"Mwenyewe?" Sauti ya Kitinda ilishuka. "Basi... hamna shida."

"Tunayo," mama alisema. "Tuna hamu na wewe."

Walimsikia akivuta pumzi.

"Mama, nilidhani nikikosa la kuwasaidia, nitakuwa nawasumbua tu."

Mama akampa mumewe simu.

"Unakula?" Baba aliuliza.

Kitinda akacheka huku akilia. Alisema viatu vya kazi vinambana. Alisema kuna mgonjwa mzee anayemwita mjukuu, na dirisha la chumba chake mwenyewe halifungiki vizuri. Baba akauliza juu ya kila kitu, hata rangi ya mapazia. Kengele ilipolia, bado walikuwa wanaongea.

Katikati ya wiki, mchana, simu ikalia tena. Mshonaji aliipokea kwa hofu.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, mama," Kitinda alisema. "Nilitaka tu tuongee."

Mama akasimamisha cherehani, akamwita mumewe.