Mkia wa Kamba

Jua lilikuwa limeshazama, giza bado halijakaza, Fundi alipotumwa kamba. Kazi ndogo tu: aende kwa Mvushaji, yule mama anayewavusha wageni kwenye matope ya pwani maji yakipwa, achukue kamba ya safari ya kesho.

Walimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake. Alikuwa likizoni na shemeji yake, mume wa marehemu dada yake, pamoja na binti yao Kijino, msichana mdogo asiye na meno ya mbele aliyemwita Fundi mama mdogo. Familia nyingine zikienda pwani huogelea, hula aiskrimu, hulala mchangani. Hawa, thubutu! Juzi walishinda kwenye mabwawa ya chumvi wakilamba mawe kama mbuzi. Jana walikwenda kutazama mifupa ya nyangumi nyuma ya kiwanda cha samaki, pua zimebanwa. Shemeji ndiye aliyependa matembezi ya ajabu ajabu. Na ni matembezi ya namna hiyo, papa hapa, yaliyomrudisha peke yake miaka mitatu iliyopita, akilia kwamba wimbi limemchukua mkewe.

Sasa alitaka kuoa tena. Fundi akamwomba jambo moja tu: mtoto avushwe mpaka kwenye kile kilima cha mchanga kule mbali alikopotelea mama yake, akaweke maua, amuage. Shemeji aliguna, kisha akakubali. Bwana harusi hapendi kuonekana hana huruma.

Mvushaji alikuwa mlangoni akisugua mabuti. Alimtazama Fundi juu mpaka chini, macho yakakwama kwenye koti la mvua la bluu.

"Hilo koti nalijua."

"Lilikuwa la dada yangu."

Mvushaji akaweka buti chini. Akaingia ndani, akatoka na kamba kuukuu iliyonuka chumvi. "Hii ndiyo waliyoazima siku ile, shemeji yako akairudisha peke yake. Alinikataza nisiwavushe, eti njia anaijua. Hebu shika ncha."

Fundi aliishika. Kamba inayokatika yenyewe huchambuka nyuzi. Hii ilikuwa imekatwa kwa kisu, mkato mmoja.

Fundi akauliza: "Ulimwambia mtu?"

"Nilisema mpaka nikachoka. Yeye alikuwa analia, mimi nanuka tope. Wangemwamini nani?"

Alimpa kamba mpya, na masharti yake. Kila mtu fundo lake kiunoni. Mvushaji akiita "Mstari!", kila mmoja ajibu "nipo" kwa zamu, kutoka mbele kwenda nyuma. Na yule wa mwisho auzungushe mkia wa kamba mwilini mwake, aufiche vizuri.

"Usiburute hata kidogo," alisema, sauti ameishusha. "Mle matopeni mna watu. Wakiona mkia wanashika."

Fundi alirudi na kamba begani. Njia nzima hakulia. Alikuwa akiuwaza ule mkia.

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Mvushaji mbele, Fundi wa pili, Kijino wa tatu na maua yake, Shemeji wa mwisho. Fundi ndiye aliyefunga mafundo.

"Taratibu bwana, mimi si gauni la mteja," Shemeji alitania.

"Geuka, shemeji."

Akageuka. Na Fundi, asiyeacha hata uzi mmoja ukining'inia kwenye pindo, akauachia mkia wote ulale topeni. Alitaka kumtisha tu, akaungame? Wacha tuseme ukweli. Alitaka ashikwe.

Walikwenda. Tope lilifyonza mabuti... fyoo... fyoo... Harufu ya mayai yaliyooza. Kila Mvushaji alipoita, sauti tatu zilijibu nyuma yake, za walio hai. Mara mbili Shemeji aligeuka ghafla kutazama nyuma. Fundi aliona jasho usoni mwake, na baridi yote ile!

Kwenye mchanga Kijino aliweka maua. Alisema, "Kwaheri mama," kisha akasubiri, kana kwamba ataitikiwa. Fundi alimkumbatia, roho ikimuuma.

"Haraka!" Mvushaji akafoka. "Maji yanarudi."

Ukungu ulikuwa umekuwa mzito, huoni mkono wako. Wakashika njia.

"Mstari!"

"Nipo," Fundi akajibu.

"Nipo." Sauti ya kiume. Karibu mno na kisogo chake.

"Nipo," Kijino akajibu, mbali kule nyuma.

Fundi akageuka. "Shemeji! Umebadilisha nafasi?"

"Mtoto ni mwepesi, hazami. Tembea!"

Yaani alikuwa amehisi mkia unavutwa, na kule mchangani akahamisha vitanzi, akamweka binti yake nyuma. Fundi alifungua mdomo amtukane. Hakuwahi.

"Nipo."

Sauti ya mwanamke. Tulivu. Baada ya mtoto.

 Fundi aliijua sauti ile tangu utotoni. Walilala kitanda kimoja, yeye na mwenye nayo.

"Baba," Kijino akaita, "mama anasema mbadilishane."

"Nyamaza!" Shemeji akapiga kelele. Halafu Fundi akasikia kitu kingine. Ta. Kisu cha kukunja kinafunguka.

"Shemeji, usikate! Ni mwanao! Ni mwanao!"

Kamba ikalegea.

Fundi alijirusha nyuma, akipapasa ukungu. Hakugusa kitu. Ukaja ukelele mmoja wa mwanamume, mfupi, uliokatikia katikati. Tope likafanya mlio wa mtu anayemeza tonge kubwa. Kisha kimya.

"Mstari," Mvushaji akaita.

"Nipo," Fundi akalia.

Kimya...

Kimya...

"Nipo!" Kijino, hatua moja nyuma yake. Mzima. Mkavu hata viatu.

Fundi alimvuta kifuani. Halafu akaifuata kamba kwa vidole. Palipokatwa palikuwa pameunganishwa: fundo la masikio mawili, moja refu moja fupi, vile dada yake alivyomfungia viatu alipokuwa mdogo. Kitanzi cha Shemeji hakikuwepo.

Hawakusubiri sauti ya tatu.

Polisi walipouliza, Fundi alilia vizuri sana. "Wimbi," alisema. "Wimbi limemchukua." Mvushaji alitikisa kichwa kukubali. Wakaandika, wakatoa pole, wakaondoka. Na moyoni, Mungu amsamehe, Fundi alifurahi. Alifurahi mpaka akaogopa. Mtoto sasa ni wake. Atamshonea sare, atampeleka shule, atamwita mwanangu bila kuangalia uso wa mtu.

Mvushaji alikataa kupokea kamba. "Nendeni nayo. Imeshapata mwenyewe."

Fundi aliitupa kwenye buti ya gari, akabamiza mlango, wakaondoka mchana kweupe. Barabara kavu, jua kali, redio inaimba. Kijino alikuwa kiti cha nyuma, mkanda amefunga, mikono mapajani.

"Mstari!" akaita ghafla, kwa sauti ya Mvushaji.

Fundi alicheka kidogo. "Nipo."

"Nipo," akasema Kijino.

"Nipo."

Ilitoka kwenye buti. Tulivu.

Fundi alitazama kioo cha pembeni. Nyuma ya gari, mkia wa kamba ulikuwa umebanwa na mlango wa buti, ukiburuta kwenye lami, ukiacha mstari wa maji. Mguu wa Fundi ulikataa kukanyaga breki. Ndani ya gari kukanuka mayai yaliyooza.

"Mama mdogo," Kijino akanong'ona. "Mama anauliza... unanilea kwa ajili yake, au umenichukua niwe wako?"

Kola ya koti la bluu ikavutwa kutoka nyuma, taratibu, mpaka ikamgusa koo. Kwenye kioo cha ndani mikono ya mtoto ilikuwa bado mapajani.

"Jibu vizuri, mama mdogo," mtoto akasema, huku analia.