Mkia wa Mbio

Kilichoanza ni mlango. Mkia alirudi kutoka mbioni jioni ile, akaingia, halafu akajibana ukutani na kuushikilia mlango wazi, kama mtu anayempisha mgeni. Hakuingia mtu. Alipoufunga, sebule nzima ilikuwa inanuka kinyesi cha popo.

"Unampisha nani?" mama mkwe wake akamuuliza, mjukuu begani anapiga kelele za njaa.

"Nimpishe nani, mama? Nimekuja peke yangu."

"Basi njoo umnyonyeshe huyu kabla hajanila mimi."

Mkia si jina, ni kazi. Wale wanaotoka mjini kuja kukimbia mashambani, wapite vijiji vitatu na magofu ya ngome ilhali magari yapo, lazima wawe na mtu mmoja anayekimbia nyuma ya wote. Anafungua vitambaa vyekundu vilivyofungwa mitini kuonyesha njia, na akimkuta aliyechoka anamwambia maneno yale yale waliyofundishwa: "Twende, sikuachi mpaka ufike." Kazi yenyewe si ngumu. Ila Mkia alikuwa na mtoto anayenyonya na kifua kilichojaa mpaka kinauma, na kila mzembe aliyekaa chini kufunga kamba za viatu alikuwa anamla roho.

Siku hiyo pale ngomeni alidhani wote wameshatangulia mbele yake. Mara akasikia mtu anahema nyuma yake, ndani ya chumba kisicho na paa. Kwa hasira hata hakugeuka. Akasema, "Twende, sikuachi mpaka ufike," akaendelea kuvuta vitambaa vyake. Kuhema kukamfuata hadi kwenye mstari wa chokaa wa kumalizia mbio. Alipogeuka, njia ilikuwa tupu.

Sasa mtoto akashika titi, akavuta kidogo, akaachia. Akatazama juu ya bega la mama yake, pale ukutani pasipo na kitu, akafumba mdomo.

Ikawa hivyo hivyo kesho yake, na kesho kutwa. Maziwa ya kopo aliyatapika. Mkia akikaa kitandani, akikaa jikoni, akikaa uani juani mchana kweupe, akiupa mgongo ukuta au akiupa mgongo uwazi, mtoto alipotaka tu kunyonya kulisikika mtu anahema taratibu nyuma ya shingo ya mama yake, pumzi ya mtu aliyekimbia sana na asiyepumzika, na ile harufu ikaja, na mtoto akaachia titi na kukodoa macho, na kila siku shingo yake ikawa nyembamba kidogo.

"Umeleta nini humu ndani?" mama mkwe akanong'ona.

"Sijui, mama. Nimechoka. Nikienda chooni kipo."

Wakamfuata mganga. Walimkuta anapiga pasi, wala hakuiweka chini.

"Huyo hana ubaya," akasema. "Amechelewa tu. Amechelewa tangu enzi za hiyo ngome, na wewe umemwahidi. Mrudisheni pale ulipomwokota, mmpeleke mpaka kwenye mstari, avuke."

"Si alifika pale siku ile?" Mkia akauliza.

"Alifika mgongoni kwako. Ukitangulia wewe, yeye atabaki nyuma yako hata ukizunguka dunia. Anatakiwa mtu wa kumswaga kwa nyuma. Na huyo wa nyuma asifungue mdomo, hasa pale ngomeni."

Wote wawili wakamtazama mama mkwe.

"Mnaniangalia nini? Naweza kunyamaza."

"Lini?" mganga akauliza, akageuza shati.

Wakaenda asubuhi, jua limeshapanda. Mkia mbele, mtoto mgongoni. Mama mkwe nyuma na fimbo yake, magoti yanamlalamikia. Hakuona kitu, ila katikati yao nyasi zililala chini zenyewe, nyayo kwa nyayo, na mtoto alikuwa amegeuza shingo anazitazama.

Walifika ngomeni, wakageuka kuelekea mstarini. Hatua chache nje ya mlango wa ngome, nyasi zikaacha kulala. Kuhema kukageukia magofuni, kama mtu anayesubiri. Mama mkwe akasubiri naye. Jua likampiga utosini, magoti yakawaka moto, mtoto akaanza kulia kwa sauti iliyokauka isiyo hata na machozi, na bado kile kitu kimesimama tu, na bibi yule ambaye hajawahi kumeza neno tangu aolewe akashindwa kujizuia.

"Tembea basi, mtoto ana njaa," akasema kwa sauti ya chini. "Na kama kuna mwenzako umemwacha humo, aje sasa hivi, maana mimi sirudi huku tena."

Nyasi zikaanza kulala tena. Akajisifu moyoni: kumbe alitaka kukaripiwa tu. Mkia, aliyekuwa mbali, hakusikia, na mama mkwe hakumwambia.

Kwenye mstari Mkia akasogea kando. Vumbi likatimka, chokaa ikafutika upana wa unyayo mmoja, na kuhema kukakatika kama redio iliyozimwa. Mtoto akashika titi pale pale, mama amekaa kwenye jiwe, akanyonya mpaka akatoka jasho. Mkia akalia kidogo. Mama mkwe akamwambia aache ujinga, mtoto atameza hewa.

Wakarudi nyumbani. Mkia akaingia kwanza, akakaa, akampa mtoto titi la pili.

"Mama, funga mlango," akasema bila kuinua kichwa. "Vumbi linaingia."

Mama mkwe alikuwa amejibana ukutani, mkono umeushikilia mlango wazi, na alishabadilisha mkono mara mbili kwa kuchoka.

"Mama, unampisha nani?"

Mtoto akaachia titi.

"Ngoja," mama mkwe akanong'ona. "Bado wanaingia."