Kanuni ya Maabara

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mdadisi alimpima mama yake homa. Kazi hiyo alijipa mwenyewe tangu mama alipoanza kutibiwa saratani ya tezi za limfu, ugonjwa uliojitokeza kwanza kama uvimbe mdogo shingoni, usiouma hata kidogo. Mdadisi alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa maswali yake yasiyokwisha, jina lake hasa nyumbani lilishasahaulika. Alikiweka kipimajoto kwapani mwa mama, akasubiri kilie, kisha akaisoma namba kwa sauti ya mtangazaji wa habari. Mama alicheka kila siku, hata siku ambazo dawa zilikuwa zimemkausha midomo.

"Mpaka lini utanipima wewe?"

"Mpaka nywele zako ziote, mama."

Mama alikuwa mtafiti. Yeye na wenzake walikuwa wamezika uzi mrefu wa kioo, mwembamba kama unywele, ndani ya ukuta wa bwawa lililokuwa juu ya mji. Walituma mwanga ndani ya uzi huo, wakautazama ukirudi. Ukuta ukivutika kidogo, au maji yakipenya na kuupoza, mwanga unaorudi hubadilika, na mstari kwenye kompyuta huruka. Mdadisi aliyajua haya yote. Wenzake shuleni walikuwa wamechoka kuyasikia.

Aliijua pia habari ya magodoro. Kabla mama hajaugua, mstari uliruka, naye akapiga simu kwamba ukuta unavuja. Watu wa bondeni wakahama na magodoro kichwani. Kumbe ukuta ulikuwa mzima. Ni kisanduku cha kuunganishia uzi kilichokuwa kimeachwa wazi, kikapigwa na jua. Mama alichekwa hadi sokoni. Tangu hapo maabara ikawa na kanuni: kipimo kikisema jambo la ajabu, kishuku kipimo kwanza. Kagua, pima tena, subiri, ndipo useme. Mama aliishika kanuni hiyo kama sala, na Mdadisi naye akaikariri.

Muuguzi wa wodi ya saratani alikuwa na kanuni yake, na aliwaambia wote watatu, mama, Mdadisi na bibi, mama mzazi wa mama, aliyeishi nao. "Dawa hizi zinapigana na ugonjwa, lakini zinaua na askari wa mwili. Joto likifika thelathini na nane, hakuna kusubiri. Njooni saa hiyohiyo, hata mkidhani ni mafua tu."

Asubuhi moja kipimajoto kilisoma thelathini na nane na nusu. Mdadisi hakuitangaza namba hiyo. Alimwonyesha mama kimyakimya.

Mama alikuwa ameshavaa na kufunga kitambaa kichwani. Siku hiyo wakubwa wa idara ya maji walikuwa wanakuja kuuona uzi ukifanya kazi, waamue kama utafiti uendelee au ufungwe.

"Betri yake imechoka hiyo," mama alisema. "Pima tena."

Akapima tena. Namba ikawa ileile.

"Basi ni chai. Nimekunywa ya moto sana."

"Lakini kilikuwa kwapani, mama."

"Mdadisi, kanuni inasemaje?"

"Kishuku kipimo kwanza."

"Haya. Tutapima tena jioni. Na usimtie bibi presha bure."

Kikombe kilikuwa kinatetemeka mkononi mwa mama. Mdadisi alikiona, na bibi aliyekuwa akikunja nguo mlangoni alikiona pia. Bibi aliendelea kukunja nguo. Mama akatoka na mkoba wake.

Darasani Mdadisi hakusikia lolote. Alijaribu kujituliza kwamba mama ni msomi, na msomi hawezi kukosea jambo dogo kama lile. Moyo ulikataa. Katikati ya somo la hesabu alisimama, akaenda mbele hadi kwenye meza ya mwalimu.

"Mwalimu, mama yangu ana homa."

"Kali?"

"Kipimo kinasema kali. Ila labda kipimo kimekosea."

Mwalimu alimtazama usoni, akampa simu yake palepale. Mdadisi alimpigia bibi, bibi akapiga maabara. Walikuwa wamechelewa. Mama alikuwa ameanguka mbele ya wageni, kidole chake kikiwa bado kinaonyesha mstari kwenye kompyuta.

Hospitali walisema vijidudu vimeingia kwenye damu, na mwili hauna cha kupigana navyo. Waliwaruhusu Mdadisi na bibi kuingia wakiwa wamevaa barakoa. Mama alihema kwa shida, lakini alimtambua binti yake, akamshika mkono.

"Ulipima vizuri," alisema. "Kipimo hakikuwa na kosa. Na wewe hukuwa na kosa. Kosa ni langu, mwanangu. Sikutaka kuchekwa tena."

Siku ya tatu alifariki.

Nyumba ilijaa watu. Mdadisi alikaa pembeni ya kitanda cha mama, halii wala hali chakula. Jirani mmoja, akidhani mtoto hasikii, alimnong'oneza mwenzake, "Mficha maradhi, kilio humuumbua." Maneno hayo yalimchoma kuliko msiba wenyewe, kwa sababu aliyaona yanamhusu yeye. Mama alikuwa ameficha, na yeye alikuwa amemsaidia kuficha. Aliyabeba hayo kifuani, hakumwambia mtu.

Baada ya maziko, muuguzi alikuja kutoa pole. Mdadisi alimfuata hadi mlangoni.

"Ningesema asubuhi ile, mama angepona?"

Shangazi mmoja alianza kusema ni mipango ya Mungu, lakini muuguzi alichuchumaa mpaka macho yao yakalingana.

"Sijui," alisema. "Pengine. Wapo wanaowahi na bado tunawapoteza. Nikikwambia nina hakika, nitakuwa nakudanganya. Ninachokijua, kama mama yako alivyonisimulia, ni kwamba mtu mzima alikwambia usubiri, na wewe bado ulisema. Ni mtoto peke yake aliyesema katika nyumba nzima."

Hapo Mdadisi alilia, kwa mara ya kwanza, kilio cha kutoka tumboni. Bibi alikuja akamvuta mapajani pake, ingawa miguu yake ilishakuwa mirefu mno kwa mapaja ya bibi.

"Kile kikombe na mimi nilikiona," bibi alisema. "Nikasema moyoni, mwanangu amesoma, mimi ni nani nimfundishe mwili wake. Nikakunja nguo. Hilo nitalibeba mimi, si wewe. Sikia nikwambie. Ile kanuni ya mama yako ni nzuri kwa mashine. Mashine unaishuku, unaifungua, unaikagua, na kesho bado ipo. Mtu hakaguliwi hivyo. Ukiona mtu hayuko sawa, sema. Sema mapema, hata akikukataza, hata kama ni mkubwa kwako, hata kama ni mimi. Ukikosea, tutacheka sote na yatapita. Kuchekwa hakujamzika mtu."

Watu waliondoka mmojammoja, na nyumba ikawa na ukimya ambao haikuwahi kuwa nao. Bibi alifunga madirisha, akatandika, akamuuliza mjukuu wake kama atakula kidogo.

Mdadisi alikaribia kujibu kwamba hana neno, kama alivyokuwa akiwajibu wageni wote tangu msiba uanze. Kisha akamgeukia.

"Bibi," alisema, "mimi siko sawa."

"Najua, mwanangu," alisema bibi, akapanda kitandani na kusogea ukutani ili mjukuu wake apate nafasi. "Asante kwa kuniambia. Njoo hapa."